Daraja la zege la zamani: ufa upi ni wa kuogopa?

Mwana_Uvinza: Wakuu, daraja la zamani huku Kigoma, mto una mchanga mwingi. Boriti zina nyufa nyembamba za wima katikati, na nyufa za mshazari karibu na nguzo. Zege limebanduka, nondo zina kutu. Kianze kipi?

NondoKumi: Za wima katikati zisikutishe, mradi hazizidi milimita 0.3 wala hazikui. Boriti ikibeba mzigo hupinda, na upande wa chini lazima upasuke kidogo ndipo nondo zishike kazi. Mshazari ndio balaa. Ufa wa nyuzi kama 45 unaopanda kutoka kwenye kikalio (pale boriti inapoketi juu ya nguzo) maana yake boriti inakatika, na hiyo huvunjika ghafla. Gundisha kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, andika tarehe pembeni. Kikipasuka, ufa unatembea: malori mazito yazuiwe hadi injinia apige hesabu. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56 kwa gari zima, na madaraja mengi ya zamani hayakusanifiwa kwa mzigo huo.

Angalia na jointi juu ya nguzo, ule mwanya kati ya vipande vya daraja unaozibwa na mpira. Mpira ukichanika, maji na mchanga vinashukia ncha za boriti, ndiyo maana kutu huanzia huko.

Fundi Zege TBR: Usikubali kupigiwa plasta juu ya kutu! Kutu huvimba kuliko chuma chenyewe, plasta itasukumwa nje. Gonga kwa nyundo. Panapolia utupu, chimbua mpaka kidole kipite nyuma ya nondo, isugue ing'ae, ndipo ujaze. Nondo iliyoliwa sana iungwe na mpya kwanza.

Kina_Kirefu: Mbona mto mmeusahau? Mafuriko yakichimba msingi wa nguzo, hata boriti isiyo na ufa haitasaidia. Maji yakigonga nguzo huzama na kuchimba mbele yake, upande yanakotoka. Yakipungua, shimo linajaa mchanga mlaini, kwa hiyo ukipima Agosti unadanganyika. Pima mto ukiwa umejaa, kwa kamba yenye uzito, ukiwa juu ya daraja, ulinganishe na kina cha msingi kwenye mchoro. Kiangazi chomeka nondo ya milimita 16: mchanga uliojaza shimo huipokea bila ubishi, kitako cha zamani, yaani udongo wa mto ambao haujachimbwa, kinaigomea.

Magogo yaliyonasa kwenye nguzo yatolewe kabla ya masika. Yanaipanua nguzo na shimo linazidi. Mawe ya kulinda msingi yawe makubwa, yasizibe njia ya maji.

Mwana_Uvinza: Mchoro wapatikana wapi?

NondoKumi: Kama ni barabara kuu au ya mkoa, TANROADS (wakala wa barabara hizo) mkoani. Ya wilaya, TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini). Nenda na picha za nyufa zenye rula pembeni.