Gregor Samsa: familia ilimtupa, au walichoka tu kama binadamu?

Mleta mada:
Wakuu, nataka tubishane kuhusu Gregor Samsa, huyu jamaa wa kwenye The Metamorphosis, hadithi ya mwandishi Franz Kafka, anayeamka asubuhi anajikuta mdudu mkubwa. Stori ilitoka 1915. Kwa ambaye hajaisoma, kifupi ni hivi: Gregor ni ofisa mauzo, anazunguka na sampuli za vitambaa, biashara ya mzee wake ilifilisika miaka mitano nyuma kwahiyo yeye ndo analisha baba, mama na mdogo wake Grete wa miaka 17, na juu yake analipa deni la wazazi kwa bosi huyohuyo anayemtumikisha. Anageuka mdudu, anafungiwa chumbani, miezi inapita, anakufa, mama wa usafi anauondoa mwili. Basi.

Sasa watu wengi wanasema familia ilimtupa BAADA ya kugeuka. Mi hiyo "baada" naipinga kabisa, jamaa alishatengwa kitambo akiwa na mikono na miguu yake miwili. Someni tena kurasa zinazoelezea zamani, alipoanza kuleta hela nyumbani ilikuwa shangwe, halafu wakazoea, yeye anatoa, wao wanapokea, asante ipo lakini lile joto halipo tena. Na kuna kitu kinapitwa haraka: baada ya mageuzi Gregor anasikia mlangoni kwamba mzee alikuwa na akiba muda wote huo. Akiba! Mtoto anaamka saa kumi alfajiri kuwahi treni kwa ajili ya deni na mzee amekalia hela ambazo zingelipunguza. Cha kuumiza zaidi Gregor wala hakasiriki, anafurahi eti baba alikuwa na busara. Mtu aliyezoea kutumika hivyo hata kuonewa hajui kwamba kaonewa.

Kingine, asubuhi ile ile walishaagiza daktari na fundi wa kufuli. Wakishamwona tu, hao watu wanarudishwa kwa visingizio ambavyo hata msomaji haambiwi ni vipi. Hakuna anayeuliza kapatwa na nini. Kazi ya kwanza ya familia ilikuwa kuficha.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu hoja nzuri ila umempita Grete kama hayupo humo ndani. Nani aliingia kile chumba? Baba? Mama alikuwa anazimia. Ni yule binti wa miaka 17 aliyepeleka maziwa na mkate, alipoona kaka yake hajagusa akarudi na mboga zilizooza, mifupa, jibini, zabibu kavu, kila kitu kakitandaza kwenye gazeti ili ajue kaka anapenda nini saivi, halafu akatoka kumpa nafasi ale bila aibu. Hapo mnaona kutupwa? Mi naona mtu anajifunza kuuguza bila kufundishwa na mtu.

Mimi nimeuguza nyumbani, na nawaambia hizi stori zenu za kisasa zina tabia moja, tunakaa kichwani kwa mgonjwa mwanzo mwisho, mawazo yake yote tunayajua, ila anayefuta sakafu tunamsikia kwa mbali kupitia mlango. Grete akapata kazi ya kuuza dukani, usiku anasoma hati mkato na Kifaransa, mama anashona nguo za ndani kwa oda, baba kawa tarishi wa benki analala na yunifomu kwenye kiti. Wote wamechoka. Wamepangisha chumba kwa wapangaji watatu wenye maringo, na usiku Gregor anatoka kusikiliza Grete akipiga vayolini, wapangaji wakamwona wakasema hawalipi hata senti, ndo Grete akatamka kwamba lazima tuachane na hiki kitu. Ni maneno mabaya, sawa. Lakini yametoka kwa mtu aliyebeba mzigo peke yake tangu siku ya kwanza, na wanaomlaumu mara nyingi ni wale ambao hawajawahi kuingia hicho chumba.

Mchangiaji wa pili:
Mnabishania familia wakati tatizo ni mwandishi mwenyewe. Kwanini mdudu? Mtu mwenye ulemavu au ugonjwa wa kudumu anasoma hii anaambiwa wewe ndo huyu hapa, unatambaa ukutani unaacha ute. Mnaita huruma, mi naita kioja. Msomaji anafunga kitabu akiwa na kinyaa zaidi kuliko alivyokifungua.

Linganisheni na ile hadithi fupi ya 1968 ya García Márquez, mwandishi wa Colombia, mzee mwenye mabawa makubwa anaangukia uani kwa watu, wanamfungia kwenye banda la kuku na kuanza kutoza senti tano kumwangalia, hela zikajaa wakajenga nyumba ya ghorofa. Pale kituko ni wale waliopanga foleni, wale wanaomchoma na chuma cha moto kuona kama bado yuko hai, na padri anayemsalimia kwa Kilatini kwanza ajue kama ni malaika halali. Mzee mwenyewe anabaki na heshima yake, mchafu, mkimya, ana chawa, lakini heshima ipo. Gregor haachiwi hata hiyo.

Mchangiaji wa tatu:
Mbona hakuna anayemtaja karani mkuu wa ofisini? Jamaa kakosa treni MOJA, miaka mitano hajaugua hata siku moja, na bado ofisi inatuma mtu mlangoni asubuhi hiyohiyo kumtuhumu kuhusu hela alizokusanya. Familia mnaisulubu bure, kesi ianzie kwa mwajiri.

Mleta mada:
Wa tatu nakuunga mkono, na ukumbuke Kafka mwenyewe kuanzia 1908 mpaka 1922 alifanya kazi kwenye taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi kule Prague. Kazi yake ilikuwa mambo ya mashine za kuranda mbao zinazokata vidole, na makaratasi ya kuamua mwili ulioharibika kazini unastahili nini. Huyo hakuhitaji kubuni jinsi mtu anavyogeuka hasara kwa siku moja.

Wa pili, hapo kwenye kioja nakukatalia. Huyo mwandishi unayemtuhumu alimwandikia mchapishaji wake Oktoba 1915 akikataza kabisa mdudu kuchorwa kwenye jalada, hata kwa mbali asionekane. Jalada likatoka na mwanaume kajifunika uso mbele ya mlango ulio wazi kidogo na giza nyuma yake. Kama angetaka kuuza kinyaa angeacha mchoraji ajimwage. Na 1922 akaandika hadithi ya msanii wa kufunga kula, anayekaa kwenye kizimba watu wanalipa kumwona akikonda, meneja wake hamruhusu kupita siku 40 kwa sababu baada ya hapo watazamaji wanachoka. Hiyo ni hoja yako yote kuhusu vioja, na kaiandika yeye.

Wa kwanza, dada yangu, uchovu wa Grete siupingi hata kidogo. Ila uchovu hauelezei mwisho. Gregor kafa asubuhi, wanaandika barua tatu za kuomba ruhusa kazini, wanapanda tramu kwenda nje ya mji, jua linawaka, wanapiga hesabu za maisha yao wanaona kumbe hali sio mbaya.

Mchangiaji wa kwanza:
Ulitaka wafanyeje? Miezi hawajatoka wote watatu pamoja. Unamhesabia mtu kosa la kupanda tramu?

Mleta mada:
Kutoka sio kosa. Angalia wanachokiangalia. Baba na mama wanamtazama Grete akijinyoosha, wanaona kumbe binti kakua, kawa mzuri, na kimyakimya wote wawili wanakubaliana ni muda wa kumtafutia mume. Hawajamaliza hata siku moja ya msiba na macho yameshahamia kwa mtoto aliyebaki. Ndo maana nasema mdudu sio chanzo.

Mchangiaji wa kwanza:
Sasa mkuu hapo umehamia upande wangu. Kama zamu inayofuata ni ya Grete, mbona mwanzo wa mada umemweka kundi moja na wazee?