Ratiba ya kitindamimba: mazoezi na mitihani

19:12 Shangazi: Hamjambo. Someni hili leo, si kesho. Kitindamimba wetu anatakiwa kujibu kesho asubuhi kama ataingia kwenye onyesho la dansi la mwisho wa muhula chuoni. Nimepiga hesabu. Wiki ina saa 168. Vipindi 15. Kila saa ya kipindi inadai kama saa 2 za kujisomea, hiyo 30. Usingizi saa 8 kila siku, 56. Mazoezi mara 3 kwa wiki, saa 2 kila mara, ukiweka kwenda, kurudi na kuoga ni saa 9. Zinabaki 58 za kula, kufua na mengineyo. Inatosha. Nani ana neno?

19:40 Shangazi: Naona watu 11 mmeshasoma.

19:58 Dada Mkubwa: Wiki ya kawaida haina shida, Shangazi. Shida ni wiki ya onyesho. Hapo mazoezi ni kila siku saa 4, mara taa, mara mavazi, muziki unarudishwa mwanzo kila mtu akikosea. Saa 28. Onyesho wiki ya 13, mitihani ya 14. Siku za kupitia masomo zinaliwa zote.

20:01 Binamu: Saa 8 za kulala chuoni? Chuo gani hicho nihamie 😂

20:02 Mjomba: Tuhamie wote 😂😂

20:05 Shangazi: Acheni utani. Usingizi haukatwi. Hatua za jioni na masomo ya mchana, vyote hukaa kichwani mtu akiwa amelala. Akikesha anapoteza vyote viwili.

20:11 Dada Mkubwa: Aweke tarehe za mazoezi, mitihani na kazi za kukabidhi kwenye karatasi moja kabla nafasi hazijagawiwa. Aombe ngoma ya kundi. Akikosa siku moja wenzake wanaendelea. Ya peke yake, wote wanamsubiri yeye. Kazi za kuandika azimalize wiki ya 11. Masomo magumu asome asubuhi. Akitoka mazoezini usiku mwili bado una moto, hapo arudie aliyokwisha kuyaelewa, asianze mada mpya.

20:14 Mjomba: Mimi nasema masomo ni masomo. Dansi si elimu.

20:17 Dada Mkubwa: Mjomba, Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Marekani kilianzisha shahada ya dansi 1926. Mwalimu aliyeiasisi, Margaret H'Doubler, alisomea bayolojia.

20:18 Binamu: Na Mjomba muziki ukilia huwa hakai chini 😂

20:31 Kaka: Wengine hatukupigiwa hesabu. Tuliambiwa acha, basi.

20:33 Mjomba: Hayo yalishapita.

20:33 Kaka: Kwenu.

20:34 Shangazi: Tusiende huko jamani.

20:52 Kaka: Na miguu je? Kutoka saa 6 hadi 28 ghafla ndiko ugoko unakoumia. Aongeze kidogo kidogo kuanzia wiki ya 9. Kama sakafu ni ya saruji, siku nyingine apitie hatua bila kuruka. Apashe mwili joto dakika 15 kwa kutembea haraka na kuzungusha viungo. Kunyoosha msuli na kuushikilia muda mrefu ni baada ya mazoezi, si kabla ya kuruka. Maumivu yakiwa mahali pamoja panapogusika kwa kidole, na yanauma hata amekaa, huo si uchovu. Aende kwa daktari, huenda mfupa umeanza kupata ufa.

21:30 Babu: Nimesoma yote. Kwa kaka yake tulikosea, na mimi ndiye niliyetamka. Halitarudiwa. Mwenyewe yuko wapi? Hakuna aliyemwuliza.

22:15 Shangazi: Tumesikia, Baba.

22:16 Kaka: Asante Babu.

22:48 Kitindamimba: Shikamooni. Ndiyo natoka mazoezini. Ya kundi nakubali. Mwalimu ananitaka na ya peke yake, sijamjibu.

22:49 Shangazi: Ujumbe huu umefutwa

22:53 Dada Mkubwa: Tuone tarehe kwanza. Tuma kalenda ya mitihani.

22:58 Kitindamimba: [picha]

23:02 Dada Mkubwa: Imekatika chini. Wiki ya 14 haionekani.

06:20 Shangazi: Umeamka? Wiki ya 14.