Tupeane uzoefu: uliyejijengea stendi ya akwariamu ya mbao, uliisawazisha vipi?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni. Naleta hili kabla sijamimina maji.

Nimepata tangi la kioo la kufugia samaki, urefu sentimita 120, upana 45, kimo 50, vioo vya milimita 10. Nilipokaa na kalamu nikashtuka. Likijaa ni lita 270, na lita moja ya maji ni kilo moja. Vioo vyenyewe vinakaribia kilo 55. Ukiongeza changarawe na mawe, tunazungumzia kilo 350 na zaidi, sebuleni, jirani na anapocheza mwanangu wa miaka minne.

Stendi nimeijenga mwenyewe. Mbao za msonobari, inchi mbili kwa nne, nilizichagua Keko mojamoja nikizilenga kwa jicho kuona kama zimenyooka. Ina fremu ya juu, fremu ya chini na miguu sita. Fremu ya juu imekalia vichwa vya miguu, kwa hiyo uzito unashuka mbao juu ya mbao mpaka sakafuni, na skrubu zinashikilia tu visicheze. Hilo nililizingatia sana, maana nimeona stendi ambazo fremu imepigiliwa ubavuni mwa miguu na mzigo wote unaning'inia kwenye misumari.

Shida ni sakafu. Ina mteremko kuelekea mlangoni, nadhani ili maji ya deki yatoke. Pima maji inaonyesha mguu wa kulia mbele uko chini milimita 6, wa kulia nyuma milimita 4. Nikibonyeza kona, stendi inacheza. Naomba mniambie mlichofanya wenyewe.

Mchangiaji, Tanga

Mkuu, usimimine maji bado. Nikupe kilichonikuta.

Langu lilikuwa dogo, lita kama 110. Kona moja ilikuwa chini kidogo, nikakunja boksi nikalichomeka kati ya tangi na mbao. Kwa macho lilikaa sawa kabisa. Wiki ya tatu, usiku tumeshalala, tukasikia mlio kama kikombe kimepasuka jikoni. Kioo cha chini kilikuwa na ufa kutoka kona ile ile mpaka katikati. Mimi na mke wangu tulikesha tunakamata samaki kwa chujio la chai na kuwatia kwenye ndoo na mabeseni. Tuliokoa kumi na mmoja.

Kioo hakipindi kama mbao. Ukikiinua kona moja, sehemu ya pembeni yake inabaki hewani na maji yanaikandamiza. Kabari inakaa chini ya mguu wa stendi, juu ya sakafu. Kati ya tangi na stendi usichomeke kitu cha kuinua kona, hata karatasi.

Mchangiaji, Mombasa

Nakubaliana na ndugu wa Tanga. La kwangu ni mbao mbichi. Nilijenga kwa saipresi iliyotoka kupasuliwa, siku ile imenyooka kama rula, mwezi mmoja baadaye fremu ya juu imejipinda kama usukani. Bahati tangi lilikuwa bado tupu. Mara ya pili nilizipanga mbao ndani kwa wiki sita, nikiweka vijiti katikati hewa ipite. Na kabla ya kukaza skrubu nilipima fremu kona kwa kona, mishazari yote miwili. Vipimo vikilingana, kona za fremu zimekaa digrii tisini.

Mchangiaji, Unguja

Assalaam aleykum. Nyie mna sakafu ya zege, mshukuru Mungu. Mimi naishi ghorofani, nyumba ya zamani Mji Mkongwe. Sakafu ni mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko, na kila pahala pana bonde lake.

Nilianza kwa kuuliza boriti zinapita wapi. Ukishuka chini ukatazama dari unaziona zote. Stendi nikaiweka ikipita juu ya boriti kwa kuzikatiza, mgongo karibu na ukuta zinapoingilia, ili mzigo ugawike kwa boriti nyingi, usikalie mbili za katikati ya chumba. Tangi nalo nikalipunguza, nikachukua la lita 90. Nililitamani kubwa, lakini chini yangu wanalala watu.

Pima maji yangu ilikuwa fupi, nikatumia mpira mwembamba uliojazwa maji, unaolinganisha usawa wa maji ncha zote mbili, kama mafundi wa ujenzi. Nilizikata kabari kwenye kipande cha mninga, nikazipiga randa mpaka zikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Ukilazimisha kwa nyundo, unainua mguu wa pili.

Mchangiaji, Kigoma

Naongeza la juu ya stendi. Weka plaiwudi ya milimita 18, kisha, kama tangi lako halina fremu ya plastiki chini, tandika lile povu jeupe gumu linalofungiwa TV. Linameza vijichanga na vichwa vya skrubu. Mteremko haliponyi. Tangi lenye fremu ya plastiki halihitaji povu, linabebwa na kingo zake.

Jaza kwa hatua. Robo kwanza, kisha pima kwa rula kutoka ukingo mpaka usawa wa maji, kona zote nne. Maji hayadanganyi.

Mwanzisha mada

Wakuu, asanteni sana. Nimerudi na majibu.

Nimekata kabari za mninga: milimita 6 kulia mbele, 4 kulia nyuma, na nyembamba zaidi kwa miguu miwili ya kati. Zote nimezipaka vanishi pande zote, kwa sababu ya deki. Stendi haichezi tena hata nikikalia kona. Tangi langu halina fremu, kwa hiyo povu nimetandika. Leo asubuhi nimejaza robo na kupima: kona tatu zimelingana, ya nne imezidi milimita 1. Nimeliacha hivyo mpaka kesho jioni. Nitapima tena kabla sijaongeza maji, na mtoto kwa sasa anachezea chumbani.