Hivi Wordsworth alikuwa peke yake kweli?

Swali:
Wapenzi wa ushairi, nisaidieni. Shairi la Wordsworth, yule mshairi wa Uingereza, la maua ya dafodili nimelikariri tangu nikiwa mwanafunzi, lile analosema alizurura mpweke kama wingu. Juzi nikasoma shajara ya dada yake, Dorothy. Kumbe siku ile, tarehe 15 Aprili 1802, walikuwa wawili! Wanapita kando ya ziwa Ullswater, upepo unavuma kwa fujo. Dorothy anaandika kwamba maua mengine yalilaza vichwa juu ya mawe kama juu ya mito, kwa uchovu, na mengine yakayumbayumba na kucheza. Kaka mtu alikuja kutunga miaka miwili baadaye. Sasa ile furaha inayomjia akiwa amejilaza kochini ni yake, au ya kuazima? Naona kama nimepigwa changa la macho.

Jibu la kwanza:
Hakuna changa hapo. Rudia zile beti mbili za mwisho polepole. Pale ziwani alikodoa macho tu, na mwenyewe anakiri hakujua ni utajiri gani aliokuwa akipewa. Utajiri anaupata kochini, maua yanapomulika katika jicho la ndani. Huo ndio upweke wake, na ni upweke mtamu. Kuhusu kuazima, ngoja nikuongezee: ile mistari miwili ya jicho la ndani, ambayo yeye mwenyewe aliisifu kuwa bora kuliko yote, aliitoa mkewe, Mary.

Jibu la pili:
Kwangu mimi mshairi hapo ni Dorothy. Maua yaliyochoka yakalalia mawe! Kaka kayaacha hayo, kachukua yanayocheza tu. Keats, mshairi mwingine wa Uingereza, naye alisema mwaka 1818 kwamba kitu kizuri ni furaha ya milele, lakini mwaka uliofuata, katika shairi lake la vuli, aliwaacha hata visubi waomboleze. Hiyo ndiyo furaha ninayoiamini.

Muuliza swali:
Asanteni. Nimelinganisha matoleo. La 1807 lina beti tatu tu. Ubeti unaofananisha maua na nyota aliuongeza mwaka 1815, miaka 13 baada ya matembezi yale. Kumbe maua yalikuwa bado yanamjia. Basi nimemsamehe. Ila sasa kila nikilighani shairi lake, ninayoyaona ni yale yaliyolalia mawe.