Bunge la bajeti: mnajuaje kipi kimepita kweli na kipi bado ni maneno tu?

FundiWaNkuhungu

Wakuu habari zenu. Mimi fundi ujenzi hapahapa Dodoma, kazi zangu nyingi ni nyumba za kawaida huku Nkuhungu, Ilazo, mpaka Nala kule, na kila ikikaribia mwezi wa sita nakuwa na wasiwasi uleule. Magrupu yanajaa habari za bungeni, kila mtu anatuma klipu ya dakika moja, huyu anasema imepita, yule anasema imefutwa, na bei dukani haisubiri mjue nani mkweli.

Nawapa mfano wa 2023 maana ule uliniumiza. Bajeti ilisomwa Alhamisi tarehe 15 Juni, waziri wa fedha akiwa Mwigulu Nchemba, akataja ushuru wa shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 ni buku. Jioni hiyohiyo kila simu ina picha imeandikwa IMEPITISHWA kwa herufi nyekundu. Kesho yake asubuhi nafika kwenye duka ninalochukuaga vifaa, nakuta kijana anafuta bei ya saruji kwenye ubao kwa kiganja, anaandika nyingine kwa chaki, na iliyoongezeka sio buku tu, imezidi. Saruji yenyewe ni ileile niliyoiona juzi yake stoo, imepangwa mpaka dari, hata lori halijaja. Namuuliza kulikoni ananiambia kaka si umesikia bungeni.

Na mimi nilikuwa nimeshapatana na mteja, mahesabu ya lenta na plasta nimeshampa, hela ya vifaa kanikabidhi. Nikirudi kumwambia bei imepanda anaona fundi ndio walewale. Huyo mteja mpaka leo hajanipa kazi nyingine.

Sasa naomba wenye uelewa mnisaidie. Waziri akishasema pale bungeni, ile inaanza kufanya kazi saa ileile au kuna tarehe yake? Na mtu wa kawaida asiyejuana na mbunge anapata wapi habari ya uhakika, maana sisi tunaishi kilomita chache tu kutoka bungeni lakini habari za humo tunazipata zimepitia Dar, zimekatwakatwa, zimebandikwa muziki juu.

KalamuYaZamani

Fundi pole sana, na umeuliza jambo ambalo sisi wa vyombo vya habari tulitakiwa tuwe tumeshalieleza kitambo. Niliandika habari za Bunge miaka kadhaa kabla sijaacha kazi hiyo, ngoja nikueleze mtiririko wake.

Kuanzia Aprili wizara moja moja zinaleta makadirio yao, ofisi ya Waziri Mkuu ikitangulia. Katikati ya Juni, mara nyingi Alhamisi, ndio inasomwa bajeti kuu, ile yenye mambo ya kodi. Ile ni hotuba, ni serikali inasema tunaomba kufanya hivi na hivi. Baada ya hapo wabunge wanajadili, halafu inapigwa kura ya wazi, mbunge mmoja mmoja anaitwa jina anajibu. Bado hujamaliza, kuna Muswada wa Sheria ya Fedha ambao ndio umebeba zile kodi zenyewe, nao unajadiliwa unapitishwa, Rais anasaini, na kwa kawaida kazi inaanza tarehe 1 Julai ambayo ndio mwaka mpya wa fedha. Ile saruji yako ya 2023 ushuru ulianza Julai. Kwa hiyo yule kijana wa ubao tarehe 16 Juni hakuwa anakusanya kodi ya mtu yeyote, ile hela iliingia kwa tajiri wake.

Kati ya hotuba na Julai mosi kuna kama wiki mbili hivi. Hizo wiki mbili ndizo watu wanapigwa, na wanapigwa kwa sababu habari zinazotoka hazina tarehe. Mimi ningekuwa mhariri leo, habari yoyote ya kodi isiyosema kwenye sentensi ya kwanza inaanza lini, haitoki. Narudia, haitoki, hata kama mwandishi kakimbia nayo kutoka viwanja vya Bunge jasho linamtiririka.

Na kuhusu klipu, hilo lina historia yake. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, haitaonyesha tena mikutano yote ya Bunge moja kwa moja, Nape Nnauye ndiye aliyekuwa waziri wa habari, sababu iliyotolewa ni gharama. Wapinzani walipinga sana, polisi wakaingia mpaka ukumbini. Kikaja kipindi cha kurekodi kinachorushwa usiku. Tangu hapo watu wengi wamezoea kulipata Bunge vipande vipande, na kipande kinachosambaa ni cha mbunge anayepiga kelele, wakati jibu la waziri lililokuja dakika kumi baadaye halina wa kulituma.

MamaWaSabasaba

Kaka Kalamu umeeleza vizuri ila mimi niko upande wa pili wa ubao. Nina duka dogo, nauza sabuni, mafuta, sukari na vinginevyo. Mnatulaumu wenye maduka lakini na sisi tunanunua. Ile jioni ya bajeti wa jumla hapokei simu, au anakwambia mzigo hamna, na mzigo upo. Siku ya tatu anakupigia mwenyewe, mzigo upo na bei ni hii. Sasa mimi niuze kwa bei ya zamani halafu kesho hela niliyopata isinunue katoni nyingine? Nitafunga duka, na hao watoto wa shule ada yao haingojei Rais asaini.

Hapo hata nikiijua sheria kifungu kwa kifungu hainisaidii. Bei ya sabuni haipangwi na mtu. Mafuta ya gari angalau EWURA, wale wadhibiti wa serikali wa nishati na maji, wanatangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kila wilaya imeandikiwa bei yake, kituo kikizidisha unajua pa kushtaki. Saruji na sabuni je?

FundiWaNkuhungu

Mama nakuelewa na wala sikuwa nasema wenye maduka wote. Ila ona, wewe ungekuwa na karatasi mkononi inayosema ushuru unaanza Julai mosi si ungebishana na huyo wa jumla? Sasa hivi anakushinda kwa sababu na yeye anasema si umesikia bungeni.

MamaWaSabasaba

Ningebishana ndio. Na tungekuwa wengi pale sokoni tunaobishana angeteremka kidogo. Hapo nakubali.

JembeLaKibaigwa

Mimi naongea kama mkulima. Tusidanganyane, bajeti ikishasomwa imepita. Mmewahi kuona Bunge letu linaikataa? Katiba yenyewe ibara ya 90 inasema Bunge likigoma kupitisha bajeti Rais anaweza kulivunja, nani yuko tayari kurudi jimboni kuomba kura upya kwa ajili ya saruji? Na wabunge wenyewe karibu wote wa chama kimoja. Kwa hiyo mfanyabiashara anayepandisha mapema hajakosea hesabu, anajua itakuja tu.

Shida yangu mimi ni uvumi wa mahindi. Hapa Kibaigwa soko linaendeshwa na tetesi. Akitokea mtu akatuma sauti kwenye grupu kwamba mpaka unafungwa, ndani ya saa chache madalali wanakuja na bei ya chini, na mwenye shida ya hela ya hospitali anauza. Sio kwamba tunaogopa kivuli, Juni 2017 serikali ilizuia kweli kupeleka mahindi nje na sisi tulikuwa na magunia ndani. Mtu aliyewahi kuumwa hivyo ukimwambia subiri taarifa rasmi anakuona humuonei huruma.

Tena huku vijijini gazeti halifiki. Tunalo lile la asubuhi redioni, mtangazaji anasoma vichwa vya habari vya magazeti mbiombio, anapita. Basi kijiji kizima kinaenda shamba na kichwa cha habari bila mwili wake. Jioni tunasikiliza BBC, Dira ya Dunia, hapo unapata habari za Ukraine vizuri kabisa lakini bei ya mbolea Kongwa hakuna wa kukwambia.

KalamuYaZamani

Jembe hoja yako nzito na siibezi. Ni kweli mengi yanayosomwa yanapita. Lakini kupita jinsi yalivyoandikwa ni jambo jingine. Chukua tozo ya miamala ya simu. Ilianza tarehe 15 Julai 2021, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kulingana na kiasi unachotuma au kutoa. Watu wakapiga kelele, na walipiga wakiwa na ushahidi, walikuwa wanaonyesha meseji za miamala yao, nimetuma hiki nimekatwa hiki. Mpaka Septemba serikali ilikuwa imepunguza asilimia 30, ile ya juu kabisa ikashuka kwenda 7,000, na mwaka uliofuata ikashushwa tena mpaka 4,000. Zile kelele zilikuwa na namba ndani yake ndio maana zilisikika. Kelele ya skrinshoti ya uongo waziri anaimaliza kwa sentensi moja, anasema huo ni upotoshaji, biashara imeisha, hata lile la kweli lililokuwa ndani yake linaondoka nalo.

Na kuna kodi ya majengo kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, hiyo ndiyo imenionyesha jinsi tulivyofeli. Ilianza kukatwa kwenye umeme Agosti 2021, buku kwa mwezi nyumba ya kawaida, elfu tano kwa kila ghorofa. Julai 2023 ikawa 1,500 na 7,500. Ile ni kodi ya mwenye nyumba. Lakini nenda Chang'ombe au Majengo za hapa Dodoma waulize wapangaji wangapi wanajua kwamba wana haki ya kuelewana na mwenye nyumba hela hiyo itolewe kwenye pango. Vyombo vya habari viliripoti kodi imeanza, vikaripoti wabunge wamesema nini, halafu vikahamia habari nyingine. Mpangaji anaendelea kulipia nyumba ambayo sio yake mwezi hadi mwezi.

Mdau_UDOM

Samahanini wakubwa zangu naomba nichangie kidogo, mimi ni mwanafunzi. Fundi aliuliza habari ya uhakika inapatikana wapi na naona bado hajajibiwa hapo.

Tovuti ya Bunge ina Hansard, yaani maneno yote yaliyosemwa ukumbini, ina miswada, ina maswali na majibu. Hotuba ya bajeti yenyewe inawekwa tovuti ya Wizara ya Fedha, ni ndefu lakini ukienda sehemu ya maboresho ya kodi utakuta kila kitu kimetajwa kwa kiwango chake, na mwishoni wanaandika marekebisho yanaanza kutumika lini. Hotuba ni Kiswahili. Sheria ya Fedha ya 2023 niliyoisoma mimi ilikuwa Kiingereza, na hiki ndicho kinachonikera, maana kodi inamgusa mama wa Sabasaba halafu karatasi yake imeandikiwa wanasheria.

Kingine ambacho watu hawakijui kabisa, kwenye hizohizo wiki mbili Kamati ya Bunge ya Bajeti inapokea maoni ya wadau kuhusu Muswada wa Fedha. Wanaokwenda ni vyama vya wafanyabiashara wakubwa, viwanda, mabenki, hao wanafunga safari kutoka Dar. Sisi tuko hapa, daladala kutoka kituo cha Jamatini hata nauli haitishi, na hatuendi. Sijawahi kusikia mafundi wa Dodoma wamepeleka hata barua ya ukurasa mmoja kuhusu saruji wakati mji mzima huu unajengwa.

Halafu kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ukiandika barua ofisi ya umma kuomba taarifa wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 30. Kwa bei ya dukani haisaidii, ila kwa mambo ya kata na jiji inasaidia sana.

JembeLaKibaigwa

Kijana hiyo ya kamati nilikuwa siijui. Inahitaji uwe na chama kilichosajiliwa?

Mdau_UDOM

Mzee wangu wanaita wadau, na maoni ya maandishi yanapokelewa. Mkiwa kikundi mnasikika zaidi, lakini andikeni tu. Tangazo linatoka tovuti ya Bunge, nikiliona mwaka huu nalileta hapa siku hiyohiyo.

FundiWaNkuhungu

Asanteni sana wote. Mimi nimeshaamua mawili. Kwanza kuanzia sasa makubaliano na mteja naandika, bei ya saruji, nondo na bati ni ya tarehe fulani, kodi mpya ikianza Julai mosi tunakaa upya, na kabla ya hapo dukani silipi nyongeza ya mtu, nahamia duka lingine hata likiwa Kizota. Pili nitaongea na mafundi wenzangu wa huku, tupo wengi, tuandike hiyo barua, Mdau nitakutafuta utusaidie kuipanga.

Swali la mwisho, kuingia bungeni kusikiliza mpaka uwe unamjua mtu? Nataka nisikie mwenyewe siku ya bajeti.

KalamuYaZamani

Wageni wanaruhusiwa, kuna jukwaa lao juu. Wasiliana mapema na ofisi ya mbunge wako au ofisi ya Bunge yenyewe, maana siku ya bajeti kuu panajaa wageni waalikwa. Ukikosa siku hiyo nenda Alhamisi ya kawaida asubuhi, kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, nusu saa, unamsikia anajibu bila kukatwa. Vaa nadhifu, mavazi wanaangalia sana pale getini, na beba kitambulisho.