Naomba ushauri: hewa ya Mombasa na jaribio la muungano baridi wa viini

Ndugu zangu, nataka kurudia hapa Tudor jaribio la wanakemia Fleischmann na Pons la 1989, waliodai kuwa viini vya atomi viliungana na kutoa joto bila kuhitaji joto kali: kupitisha umeme kwenye maji mazito (yenye hidrojeni nzito, deuteri) kwa elektrodi ya metali ya paladi, kisha kupima joto. Kinachonikosesha usingizi ni hewa yetu. Maji mazito hunyonya unyevu na kuchanganyika na maji ya kawaida. Upepo wa bahari ukiingia, joto la chumba hubadilika. Umeme nao hupanda na kushuka. Tena miale kutoka anga za mbali yaweza kukidanganya kipima nyutroni, chembe zinazotarajiwa kutoka viini vikiungana.

Nitaweka chombo cha pili chenye maji ya kawaida, cha kulinganishia. Je, vyote nivizamishe kwenye beseni moja la maji, au kiyoyozi kinatosha? Aliyewahi kupima joto dogo hivi huku pwani, tafadhali anielekeze.