Kusubiri foleni ipungue mjini Dar: pantoni, Coco au kahawa Kariakoo?

Kimara_Mwisho
Wakuu salama? Kazi yangu iko Posta, natoka saa kumi na moja jioni na naishi Kimara. Muda huo kupanda basi la mwendokasi ni vita, kwa hiyo nimejiwekea utaratibu wa kubaki mjini mpaka saa mbili hivi watu wapungue. Baa kila siku hapana, mishahara yetu mnaijua. Nina sehemu tatu kichwani: kuvuka Kigamboni na pantoni halafu narudi, ufukwe wa Coco kula mihogo, au kijiwe cha kahawa Kariakoo. Bajeti buku tano kwa jioni, isizidi. Nyie mngeenda wapi na kwa nini?

mvuka_maji
Pantoni, hata usijiulize. Mi mkazi wa Kigamboni, kwangu ule ni usafiri tu, lakini kuna watu nawaona wanavuka na kurudi bila shughuli yoyote kule, wanapunga upepo. Nauli mia mbili kwenda, mia mbili kurudi. Ukiwa unaenda simama kulia, unaona bandari yote na ile minara ya kanisa la Mtakatifu Joseph na jua linazamia huko huko nyuma ya maghorofa, kushoto ndo bahari kuu, na ukibahatika meli kubwa inaingia basi pantoni inaisubiri ipite, inapita karibu mpaka unasahau ulikuwa na stresi za ofisi.

dada_wa_Upanga
@mvuka_maji kaka unamsifia mtu pantoni ya saa kumi na moja jioni?? Hapo ndo Kigamboni nzima inarudi nyumbani, watu, baiskeli, bodaboda, magari, mama na ndoo ya samaki kichwani. Anakimbia foleni ya mwendokasi anaenda kujibana kwenye pantoni, faida iko wapi?

mvuka_maji
Dada kwenda kumejaa sawa, lakini kurudi? Jioni watu wote wanaenda Kigamboni, wanaorudi mjini ni wachache, unachagua pa kusimama. Halafu kuna kitu hamjakisema, ukishuka Magogoni kituo cha Kivukoni kiko hapo hapo, ndo mwanzo wa mwendokasi, unapanda gari tupu na siti unapata. Posta linakuja limeshapakia.

Mpenda_Chachandu
Mi ni timu Coco na sihami. Mihogo ya kukaanga, pilipili, chachandu, dafu, upepo wa bure. Ila kuna watu wanaenda Coco wakikuta maji yamejaa wanaanza kulalamika eti mchanga uko wapi. Bahari ina ratiba zake jamani! Siku za bamvua maji yakijaa yanafika juu kabisa, unabaki umekaa ukingoni na sahani yako. Angalia kupwa na kujaa kwanza. Na kama una miguu usipande kitu, toka Posta shika barabara ya Barack Obama, bahari mkono wa kulia muda wote, hospitali ya Aga Khan unapanda Daraja la Tanzanite lile walilofungua 2022, ni kama kilomita moja hivi juu ya maji na njia ya waenda kwa miguu ipo, unashukia upande wa Coco. Jioni wakimbiaji wamejaa pale, wapiga picha ndo usiseme. Ukifika una njaa ya haki na mihogo inakuwa mitamu mara mbili.

Kimara_Mwisho
Hapo kwenye kutembea umenivutia mkuu. Kurudi je? Coco mpaka Kimara usiku?

Mpenda_Chachandu
Bodaboda mpaka kituo cha Morocco, pale unachukua mwendokasi ya Kimara moja kwa moja. Bodaboda ndo itakula bajeti yako, sikudanganyi. Jumamosi na Jumapili usiende kama hupendi kelele, kila mtu na spika yake.

Mzee_wa_Drafti
Vijana mnapenda kuhangaika. Kariakoo unakaa kwenye benchi, kahawa inatoka kwenye birika la shaba lipo juu ya mkaa, kikombe mia au mia mbili, kashata pembeni, na drafti inaendelea. Buku tano utakunywa wiki nzima. Klabu ya Simba iko Msimbazi, Yanga wako Jangwani, wewe fikiria vijiwe vya maeneo hayo siku ya kuamkia dabi, mtu anakuelezea mechi ya 1977 Simba kashinda sita kama aliicheza yeye, na mwenzake wa Yanga naye anamrudisha 1968 kwenye zile tano. Hakuna runinga itakupa hiyo.

dada_wa_Upanga
Mzee wangu shikamoo. Kijiwe chenu ni kizuri ila ni cha wanaume, tusizunguke. Mi nikikaa pale na kikombe changu benchi zima linanyamaza linaniangalia, au naulizwa namtafuta nani. Kwa hiyo kwenye ulinganisho wenu mniwekee na sehemu ya mwanamke anayekaa peke yake bila kusumbuliwa. Yangu ni ile bustani ya mimea karibu na Makumbusho ya Taifa, ya tangu enzi za Wajerumani, miti mikubwa, kivuli, karanga zangu na kitabu. Ila ni ya mchana na jioni ya mapema, giza likianza mi siko.

Mzee_wa_Drafti
Marahaba binti. Hilo la benchi kunyamaza ni kweli, siwezi kubisha.

mwanamvita_001
Nasoma nikiwa Mombasa nacheka, kwani nyinyi feri mwalipa? Likoni ukiwa kwa miguu ni bure kabisa. Sisi jioni twaenda Lighthouse pale Mama Ngina, mihogo, viazi karai, dafu, na meli za Kilindini zapita hapo mbele yako. Lakini kuvuka Likoni kwa starehe? Hayo ni yenu wa Bongo, hapa ukishavuka wataka tu kufika.

Kimara_Mwisho
Hahaha mwanamvita umetuweza. Basi Ijumaa naanza na pantoni, nikirudi napitia soko la samaki nione kama pweza bado yupo, siti Kivukoni. Daraja nitatembea Jumapili na wife. Mzee drafti nitakuja siku ya dabi, ila mimi ni Yanga, sijui nitakalishwa wapi.

Mzee_wa_Drafti
Utakalia ndoo.